Barua kwa mwanangu Neema: mto wetu haujafa

Gulwe, Mpwapwa
Jumapili, baada ya ibada
Oktoba

Mwanangu Neema,

Mbukwa, mama. Huku tu wazima. Goti la mama yako linamsumbua kama kawaida, lakini jana alishuka mtoni na punda akapanda tena bila kupumzika njiani. Yule mbuzi wa madoa amezaa mapacha, wote majike.

Siku ile simu ilipokatika sikukupigia tena, nawe pengine ulidhani nimeishiwa salio. Salio lilikuwepo. Niliogopa nisije nikakujibu kwa hasira neno ambalo wewe ulilisema kwa huruma. Ulisema, "Baba, mkubalie tu huyo mwenye malori, kwetu kwenyewe hakuna mto, ni korongo la mchanga." Najua ulikuwa unawaza paa la nyumba na ada ya mdogo wako. Lakini neno hilo nimelala nalo siku nne, na kila nikiligeuza naona kosa ni langu. Nimekulea kando ya mto huu wa Kinyasungwe miaka kumi na minane na sikuwahi kukaa nawe chini nikakueleza ni mto gani. Nilikuwa ama niko njiani na kikosi cha reli, ama nimerudi nimechoka. Basi leo nimekaa.

Kwanza uelewe anachokitaka mtu yule. Mchanga wenyewe si wangu hata niuze, mto ni wa wote. Anachotaka kwangu ni njia ya kupitishia malori katikati ya shamba letu la chini, na ruhusa ya kuchimba pale ukingo wetu unapokutana na mpindo wa mto. Miaka miwili. Mchanga unatafutwa kila upande siku hizi, maana tangu Serikali ihamie Dodoma kweli kweli, kila mtu anajenga. Fedha anayoitaja ingeezeka nyumba yote na chenji ikabaki. Sitakuficha hilo.

Sasa nisikilize.

Mwalimu wako wa Jiografia alikufundisha Mto Naili na Kongo. Sijui kama alikwambia kwamba mkoa wetu huu, unaosemwa ni mkavu, ni mgongo unaogawa maji pande tatu. Mvua inayonyesha upande wa magharibi na kaskazini, kule Kondoa, Chemba na Bahi, inaingia Mto Bubu, na Bubu unaishia kwenye kinamasi cha Bahi. Hapo maji hayatoki tena kwenda popote. Yanasimama, yanawapa watu samaki na mpunga, kisha jua linayanywa na kuacha chumvi. Mvua ya kusini inashuka kwa Kizigo na Ruaha Mkuu hadi bwawa la Mtera, lile lililokamilika mwaka 1980, na kutoka hapo inakwenda Rufiji. Na mvua ya mashariki, ya Dodoma mjini, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa, ni yetu. Inaingia Kinyasungwe, inapita hapa Gulwe mbele ya mlango wako, inakwenda Godegode na Kidete, na huko chini watu wanauita Mkondoa. Mkondoa unapita Kilosa, unaingia Wami, na Wami unafika Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Ukipata siku ya kwenda huko kutoka Dar, utaona mto mpana wenye viboko na mamba, na mikoko mdomoni. Baadhi ya maji hayo yamepita Gulwe. Tope lile la rangi ya matofali, nakuhakikishia, ni la kwetu.

Tazama ugumu wa kazi ambayo mto huu umefanya. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Kilosa haifiki 500. Katikati imesimama milima: Ukaguru upande wa kaskazini, Rubeho upande wa kusini. Ni ukuta. Kinyasungwe umekata mlango katika ukuta huo, na kila aliyetaka kutoka pwani kwenda bara, au kutoka bara kwenda pwani, kwa njia hii ya katikati, amelazimika kutumia mlango huo au njia za jirani yake. Misafara ya pembe za ndovu kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita huku. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa wakifika Mpwapwa wanatua mizigo, wanakunywa, wanapumzika, wanasubiri misafara mingine ili wawe wengi. Mbele yao kulikuwa na pori lisilo na maji mazuri, ambalo Wazungu waliopita miaka ya 1850 na 1870, akina Burton na Stanley, waliliandika kwa jina la Marenga Mkali. Wewe unajua Kigogo, huhitaji mkalimani: malenga makali, maji ya chumvi.

Wakishavuka pori hilo waliingia Ugogo, na huko watemi wetu waliwatoza hongo, yaani ushuru wa kupita. Vitabu vingi vya wasafiri wale vinalalamika juu ya hongo ya Wagogo kana kwamba ilikuwa wizi. Mimi nimeifikiria sana. Mtu amechimba kisima kwenye nchi ambayo mvua yake haifiki mara nyingi milimita 600 kwa mwaka, tena zote kati ya Desemba na Aprili. Wanakuja watu mia tano na punda wao kwa siku moja, wanakunywa akiba ya kijiji ya mwezi mzima. Asitoze? Wazee wetu walijua thamani ya maji kabla hayajaandikiwa bili.

Wajerumani nao wakaja kwa mlango huohuo. Walikuwa na kituo chao Mpwapwa, na mwaka 1889 Bushiri bin Salim, aliyekuwa akipigana nao pwani, alipanda mpaka huku akaivamia. Desemba ya mwaka huohuo walimnyonga Pangani. Baada ya hapo wakaleta reli, ilianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Dodoma 1910, na mafundi wao walipofika kwenye ukuta wa milima hawakuwa na akili mpya: waliufuata mto. Kutoka Kilosa hadi hapa kwetu reli ile ya zamani imelala ubavuni mwa mto kama ndama ubavuni mwa mama yake. Hata hii ya kisasa uliyopanda wewe imeingia kwa mlango uleule, ingawa imetobolewa mahandaki na kunyanyuliwa madaraja marefu isilowe miguu. Uliniambia ulilala kutoka Dodoma hadi Morogoro. Mama, ulilala ukipita kwenu.

Nimefanya kazi kwenye reli ile ya zamani miaka thelathini na moja, na kazi yangu kubwa haikuwa reli, ilikuwa mto. Watu wa mjini wanadhani mto mkavu hauna nguvu. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 wewe ulikuwa hujazaliwa. Maji yalishuka usiku, na huwezi kuyasikia kama mvua, unayasikia kama treni ya mizigo iliyobeba mawe. Asubuhi tulikuta tuta limeondoka na reli zinaning'inia hewani na mataruma yake, kama ngazi ya kamba. Mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 mto ulirudi. Kilosa ulivunja kingo zake ukaingia mjini, maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema, na njia kati ya Kilosa na Gulwe ikakatika vibaya hata treni ya abiria ikasimama kwa miezi. Wewe ulikuwa mtoto, unakumbuka labda kwamba baba hakuonekana Krismasi wala mwaka mpya. Nilikuwa Kidete, tunajaza mawe kwenye nyavu za waya, mto unayachukua, tunajaza tena.

Nimetaja reli, na siwezi kupita bila kuwataja wale wa tarehe 24 Juni 2002. Treni ya abiria ilishindwa mlima kati ya Msagali na Igandu, ikarudi nyuma yenyewe hadi ikagongana na ya mizigo. Watu 281 walikufa. Nilikuwa miongoni mwa waliopelekwa kusafisha njia. Sitaandika zaidi ya hapo, ila ukipita tena na hiyo treni ya haraka, eneo hilo usilale.

Kwa hiyo usidhani nautetea mto kwa sababu sijui ubaya wake. Nimeuzika ubaya huo kwa sepetu miaka thelathini. Lakini kuna jambo nililojifunza nikiwa mtu mzima sana, kutoka kwa mtaalamu wa maji tuliyepanda naye kiberenge, na ndilo lililonigeuza.

Unajua Dodoma mjini wanakunywa nini? Kwa miaka mingi tegemeo lao kubwa limekuwa visima vya Makutupora. (Hapa usichanganye. Makutupora ya reli ya kisasa iko Manyoni, Singida. Hii ya visima iko kaskazini mwa jiji la Dodoma.) Visima hivyo viko kwenye bonde la Kinyasungwe Mdogo, ndugu wa mto wetu, anayetangulia kushuka hadi bwawa la Hombolo. Kina cha maji ya chini ya ardhi pale kimekuwa kikipimwa na kuandikwa tangu miaka ya 1950. Wataalamu walipozisoma hizo kumbukumbu zote kwa pamoja waliona kitu cha kushangaza. Mvua za miaka ya kawaida hazijazi visima. Mwaka hadi mwaka maji yanashuka polepole, yanashuka, yanashuka, kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, maji yanafurika kwenye makorongo ya mchanga, yanazama, na kina kinapanda kwa kishindo. Msimu uliojaza kuliko yote waliyoyaandika ulikuwa ule wa 1997 na 1998.

Nilipoelezwa hivyo nilinyamaza muda mrefu. Mvua ileile iliyoninyang'anya tuta, iliyonifanya niulaani mto mbele ya vijana wangu wa kazi, ndiyo iliyokuwa inaweka akiba ya mji mzima. Hao wabunge, wanafunzi wa UDOM, wauza chipsi wa Majengo, wote wamekunywa ile El Nino.

Na akiba hiyo inapitia wapi? Inapitia mchanga. Hapo ndipo neno lako "korongo la mchanga" liliponiuma. Chukua debe, nami nimefanya hivi mwenyewe, ulijaze mchanga mkavu wa mto wetu hadi juu, kisha mwaga maji taratibu mpaka yaonekane usoni. Nilimwaga lita sita na zaidi kabla debe halijajaa. Debe lililokwishajaa! Sasa zidisha kwa upana wa mto wetu pale mpindoni, ambao wewe ulikuwa unakimbia ukihema kuuvuka, na kina ambacho hata fimbo ya chuma haigusi mwamba. Jua la Oktoba linakausha juu tu. Ukishafika kina cha mkono na zaidi kwenda chini, jua halina mkono wa kufikia. Bwawa la wazi jua linalinywa kutwa. Tena mabwawa yetu ya Hombolo na Ikowa, ya miaka ya 1950, yamekuwa yakijaa tope linaloletwa na makorongo kutoka mashamba yasiyo na miti. Mchanga ni bwawa ambalo Mungu amelifunika. Mwenye malori akija na kijiko chake akatoa mita mbili za mchanga, atakuwa ametoa tangi lenyewe, na maji yatakayokuja Januari hayatakuwa na mahali pa kulala. Yatapita mbio kwenda Kilosa kuwavunjia watu nyumba.

Kuna na jambo la familia, ambalo nilikuwa nalihifadhi hadi uolewe.

Bibi yangu, ambaye hukumkuta, alikuwa msichana mdogo wakati wa njaa tunayoiita Mtunya. Ilikuwa baada ya ile vita ya Wazungu, kati ya 1918 na 1920. Majeshi yalikuwa yamechukua ng'ombe na nafaka, Wajerumani kwanza na Waingereza baada yao, na wanaume wamechukuliwa kubeba mizigo ya vita. Kisha mvua ikakataa. Inakadiriwa kwamba katika kila Wagogo watano, mmoja alikufa. Bibi alisema watu walitawanyika, wazazi waliwaacha watoto kwa wenye chakula, wengine waliwaweka rehani kwa debe la uwele na hawakuweza kuwakomboa. Baba yake yeye alikataa kuondoka. Aliwaleta watoto wake wanne hapa mtoni, kwenye mpindo, chini ya ule mbuyu ulioanguka ukiwa darasa la tatu. Walifukua mchanga kwa vibuyu vilivyovunjika. Shimo likiporomoka wanalifukua tena. Maji waliyapata. Chakula kilikuwa mizizi na ubuyu, na kati ya wanne waliishi wawili. Bibi alikuwa mmoja wao. Kaka zake wawili wamezikwa ukingoni pale, bila alama, na ndiyo sababu hujawahi kuniona nikilima ile kona.

Ni pale pale anapotaka kupitisha malori.

Yeye hajui, simlaumu. Kijana ana mkopo wa gari na anatafuta kazi kama wewe utakavyoitafuta. Nilimkaribisha uji, nikampeleka nikamwonyesha. Alivua kofia. Lakini wiki iliyofuata alirudi na bei iliyoongezwa, nami nikamwambia hapana, na nitamwambia hapana akirudi tena.

Nakumbuka pia ya Kongwa, maana watakaokushawishi watakwambia maendeleo hayangojei. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango wa karanga, wakachagua Kongwa, juu kidogo ya hapa, bila kuuliza mvua ya pale inakujaje. Walileta matrekta, mengine yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Walivuta tawi la reli kutoka Msagali kwenda Kongwa. Mibuyu iliwashinda, na kiangazi udongo ule uliwagandia kama saruji, karanga zikabaki humo. Mwaka 1951 wakafunga wakiwa wamepoteza zaidi ya pauni milioni 30, na reli ile ikaja kung'olewa. Nchi ilipata kitu baadaye: ranchi ya ng'ombe, na kuanzia 1964 kambi ya wapigania uhuru, FRELIMO, ANC, SWAPO na wengine, jambo ninalojivunia sana kama mtu wa hapa. Lakini wale wenye matrekta walikuwa na fedha zote za dunia na hawakuwa na mtu wa kuwaambia udongo ule ukikauka unakuwaje. Wewe huyo mtu unaye, ni baba yako.

Kuhusu ada usiwaze. Nimeuza madume mawili mnadani Kibaigwa, bei haikuwa mbaya. Paa litasubiri, nimeziba pale panapovuja zaidi. Ukingoni nimepanda mabingobingo mistari mitatu, na juu yake nimeacha visiki vichipue, kila kisiki nakiachia chipukizi mbili tatu zilizonyooka na kukata zingine, kama tulivyofundishwa kwenye kisiki hai. Mikwata na migunga imenifika kifuani tayari. Mto ukija mwaka huu utakuta kitu cha kushikana nacho.

Ukija Desemba, jitahidi kuwahi kabla mvua hazijashika. Shuka Dodoma, panda basi la Mpwapwa, nami nitakuwa nakungoja stendi na bodaboda ya jirani. Niletee kamba ya manila mita kumi, za dukani hapa zinakatika. Mama yako anasema ulete pia dawa ile ya kuchua goti, na amekuwekea uwele mpya na mlenda mkavu. Siku ya pili yake, alfajiri kabla ya jua, tutashuka mimi na wewe tukafukue kisima mpindoni. Nataka nijue maji yako kina gani. Mwaka jana mwezi kama huo nilifukua hadi shimo likanifika kifuani, ndipo nyayo zikalowa. Mwaka huu bado sijapima, nakungoja wewe.

Ni mimi baba yako.